Ampuli ya Wamaza

Yaya Zaina,

Nakusalimu kutoka Kabambare, nikiwa na vumbi hata masikioni. Nimekuja kwa pikipiki ya umeme! Pale Wamaza tukabadilisha batri. Motari aliyenibeba, Saidi, huichomeka kwa mshindo, cheche ziruke, abiria waone pikipiki iko na nguvu. Kumbe cheche hizo zinaumiza kondasateri, kile kikopo kinachopokea umeme kabla ya mota. Moja ilishapasuka, hii ilikuwa ya mwisho, na arusi ya Mariamu, iliyonileta huku, ni mchana uleule. Nikaazima dukani ampuli, taa ya kioo ya nyumbani, nikapitisha umeme humo kwanza, kondasateri ijae polepole. Ampuli ikawaka, ikafifia, ikazimika. Ndipo nikachomeka batri. Hakuna cheche hata moja.

"Umeiua, fundi wa redio!" Saidi akalia. "Arusi tutaisikia kwa simu!"

Kwa hasira akanyonga gazi ya mkononi bila kupanda. Pikipiki ikaruka, ikamburuta mpaka kwenye mihogo ya watu, naye anapiga kelele: "Iko muzima! Iko muzima!"

Tulifika kabla ya shehe. Sasa Saidi anawaeleza waalikwa namna alivyobuni ampuli. Mimi nakula pilau, simpingi. Mungu akulinde, yaya. Laiti ungekuwa hapa unisaidie kucheka.

Mdogo wako,
Juma