Alama Chini ya Upanga

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Mzee Machano kaniazima! Sarafu yenyewe, dhahabu, ya askofu wangu — yule wa Ujerumani aliyekuwa pia mtawala wa nchi yake, niliyemsoma miaka mitatu. Mzee ni Mzanzibari wa mtaa wa Chatsworth hapa mjini, mstaafu wa kiwanda kimoja huko Jacobs. Aliinunua kwa mjane wa bosi wake Mjerumani. Hakutaka karatasi wala sahihi. Kasema neno la mtu latosha, yeye hajawahi kusema uongo na hatarajii mimi niseme.

Upande mmoja iko fimbo ya kanisa na upanga wa serikali. Na chini ya upanga — nimeiona kwa lenzi! — herufi ndogo, imelika, alama ya karakana ya mfalme jirani. Kwa hiyo askofu hakuwa tena na haki ya kufua sarafu zake. Vitabu vinasema aliipoteza miaka ishirini baadaye. Sura yangu ya nne ilikisia hivyo; sasa yote imesimama juu ya hiyo herufi, na Ijumaa natetea tasnifu.

Prof. Nkatha, msimamizi wangu, kaniambia nipige picha leo leo. Simu yangu inatoa ukungu mtupu. Kesho basi.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeiharibu.

Ilikuwa na uchafu mweusi kwenye mikunjo. Nikataka picha itoke safi. Tena chombo cha watu hakirudishwi kichafu, mama alinifunza hivyo kwetu Tukuyu. Majivu ya jiko la Henriette, limau, mswaki wa zamani. Nikasugua kama sufuria la ugali. Henriette, ninayekaa naye chumba hapa mtaani Point, akasifu: iko inang'aa sasa, ma chérie, mpenzi wangu.

Inang'aa kweli. Herufi haipo. Dhahabu ni laini, mjinga mimi, nimeyaandika mwenyewe hayo ukurasa wa kumi na mbili!

Jumatano, 15 Oktoba

Sijala. Nimetazama na lenzi mpaka jicho linauma. Hakuna kitu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimeungama kwa Prof. Hakupaza sauti. Kasema bila alama, sura ya nne ni hadithi tu, na bila sura ya nne nimefeli. Labda mwenye sarafu aje athibitishe kwamba aliiona.

Taxi mpaka Chatsworth. Nilipiga magoti sebuleni kwa Mzee. Aliigeuza sarafu muda mrefu. Heri angenigombeza. Nikamsihi aje kesho awaambie kuhusu ile herufi.

"Herufi gani, Bupe? Nimekaa nayo miaka arobaini. Sijapata kuona herufi."

Eish. Basi ni macho yangu tu duniani yaliyoiona. Nikalia mbele yake bila haya. Akanipa chai.

Ijumaa, 17 Oktoba

Saa tano na nusu. Amekuja! Kanzu nyeupe, kofia, akitoka hapa anapitiliza msikitini kwa swala ya Ijumaa. Hakunitazama. Watahini wamenitoa nje, wanamhoji yeye kwanza. Naandika kwenye korido.

Mlango umebaki na ufa. Mtahini anamuuliza kama yeye mwenyewe, kwa macho yake, aliiona hiyo alama.

Nasogea kwenye ufa.

Mungu wangu, aseme ndiyo. Hapana, asiseme, si mtu wa kusema uongo. Aseme tu!

Namwona. Anavua kofia yake ya swala, anaikunja polepole, anaiweka mezani mbali na sarafu, kama asiyetaka isikie atakalosema. Sasa anawageukia —