Chokaa ya Diwali

Sheikhan, amekufa. Yule samaki mwekundu wa Kijapani wa Bwana Natvarlal, bingwa wa maonyesho, amekufa.

Nimemuua mimi. Nililipaka birika lake la uani chokaa mpya ili lipendeze kwa sikukuu yao ya Diwali, kisha nikamrudisha majini. Chokaa ikayatia maji sumu, Sheikhan!

Mzungu wa bandarini alimtaka kwa bei ya nyumba nzima hapa Kariakoo, bwana akakataa. Aliniambia, "Mali ni vifaranga vyake, Ubeid." Tangu hapo kila alfajiri nikamwombea azae salama.

Hakunigomba. Heri angenigomba! Aliniuliza tu, "Alikuwa na mayai?"

Nikasema ndiyo. Akavua viatu, akaingia birikani kumtoa mwenyewe.

Leo darasa letu la jioni siji. Niombee wewe, ndugu yangu. Nimeshindwa kuinua mikono. Bado ina chokaa.