Mgeni wa Ndani ya Simu

Jumanne, 8 Julai

Mashine ya kusaga unga karibu na lango la shule iliwashwa tena wakati wa hisabati. Mikono ikawa baridi. Ubao wote ulijaa pembe na sikuona hata moja. Ajabu ni kwamba najua kabisa ile si trekta. Akili inajua, mwili haujui. Ningependa kuelewa hilo.

Lilianza Aprili. Nilikuwa nimempelekea Baba chakula kwenye mashamba ya miwa Muhoroni. Tela la trekta lake likapinduka, likamlalia mguu. Nilisimama nimeshika bakuli. Bado yuko huko kwa Nyanya, anatembea kwa magongo. Sijaenda kumwona. Mama akienda, nafika naye hadi steji ya matatu, tumbo linauma, narudi nyumbani.

Mwalimu wa ushauri amenitafutia mtu wa kuongea naye kwa video. Jumamosi. Naogopa.

Jumamosi, 12 Julai

Anaitwa Madam Lydia. Yuko Nakuru. Nilitumia simu ya Mama, yeye akiwa sokoni Kondele akiuza omena, wale dagaa wa ziwani. Nyuma ya Madam kuna pazia la kijani na kalenda ya mwezi uliopita.

Nilidhani atanipa mawaidha. Hakunipa. Anauliza, kisha ananyamaza, na kimya chake hakinisukumi. Je, walimfundisha kunyamaza? Kuna mtihani wake?

Alinionyesha kitu kimoja: woga ukija, nitaje vitu ninavyoviona. Nikataja jiko, kandambili, kalenda yake imechelewa. Akacheka, akainuka, akaifungua mwezi mpya.

Sharti ni niwe peke yangu tunapoongea.

Jumatano, 16 Julai

Nimejaribu kwenye mashine ya unga. Chaki. Rula. Kisogo cha anayekaa mbele yangu. Baridi iliishia vidoleni. Je, vitu vikubwa vinasaidia kuliko vidogo? Kesho nitajaribu mti.

Jumamosi, 19 Julai

Aibu.

Mvua ilimrudisha Mama mapema. Akanikuta nalia mbele ya simu. Alidhani ni mvulana. Akaninyang'anya, akakutana na mama mtu mzima mwenye miwani. Nikangoja kelele. Kelele zikaja, lakini si zile nilizotarajia.

"Adhiambo! Mgeni yuko kwa nyumba yangu na hujampa hata chai?"

"Mama, yuko Nakuru."

"Kwani Nakuru hawanywi chai? Karibu sana, madam. Usimjali huyu mtoto."

Akapika chai kweli. Akaweka kikombe mbele ya simu. Halafu akaomba, maombi marefu, kwa ajili ya Madam, mume wa Madam (hatujui kama yupo) na mtandao. Saa yangu ikaishia hapo.

Nina hasira. Ilikuwa yangu.

Jumamosi, 26 Julai

Leo Mama hakwenda sokoni. Kitambaa cha meza, vikombe vitatu. Madam akaniuliza kama nataka Mama akae. Sikujua kwamba naruhusiwa kukataa. Nilisema akae mpaka chai iishe.

Madam akamuuliza Mama siku hizi analala vipi. Mama akasema vizuri, Mungu ni mwema, kisha akakwama. Sijawahi kumwona akikwama. Huyu anayeuza omena kwa kupiga makelele. Akasema kila akienda Muhoroni humdanganya Baba kwamba nina mitihani. Akasema siku hizi Baba haulizi tena.

Haulizi tena. Nimeiandika mara mbili nione kama itapungua. Haipungui.

Mama akamaliza chai yake, akanywa na ya Madam, akatoka mwenyewe na kufunga mlango. Nikamwambia Madam kwamba shule zikifungwa nataka kwenda. Hakunisifu. Aliuliza: ukifika steji na tumbo likaanza, utafanya nini?

 Jibu tukalitafuta pamoja.

Jumapili, 3 Agosti

Muhoroni. Tulifika jana. Steji tumbo liliuma. Nikataja ndizi, kofia, Mama, Mama tena. Nikapanda.

Baba amekonda. Hakuuliza kuhusu mitihani.

Leo baada ya kanisa tulikaa naye nje, tukila njugu. Alikuwa ananieleza jinsi mbwa wa jirani alivyoiba soksi yake. Trekta la miwa likaja barabarani. Mikono ikawa baridi. Nikamtazama Baba. Alikuwa amenyamaza katikati ya sentensi, amekaza mkono kwenye gongo.

Kumbe na yeye. Sikuwahi kufikiria hilo, hata siku moja.

"Baba, taja vitu unavyoviona."

"Vya nini?"

"Taja tu."

"Kuku. Ndoo. Kuku."

"Kuku umeshamtaja."

"Huyu ni mwingine, mwalimu. Miwa." Akanigeukia. "Wewe."

Trekta likaenda zake. Baba akachukua njugu, akarudi kwa mbwa na soksi, pale pale alipoachia.