Alama Mbili mu Ukungu ya Bunia

Mama Neema, bibi yangu,

Nakusalimia toka Bunia. Baridi ya huku inanivalisha koti mbili.

Mutoto wetu amenipandisha kichwa kwa sifa! Leo asubui muzee mumoja wa mutaa ya Bigo alipoteza ng'ombe yake mu majani marefu, na ukungu ilifunika yote. Neema akarusha droni ya kazi yake. Iko na kapteri, sawa jicho yenye kuona joto ya mwili hata mu ukungu. Ku kioo ya simu tukaona alama mbili nyekundu. Muzee akakamata fimbo: «Ile ya pili ni mwizi!»

Neema akacheka: «Papa, mwizi gani iko mudogo vile? Tuende.»

Simu ikatuongoza mupaka pale. Ng'ombe ilikuwa inalamba ndama yake, imetoka tu kuizaa. Muzee akaachilia fimbo, akamuomba Neema aipatie ndama jina. Nikatengeneza kola ya koti, nikingojea ataje jina yangu.

Basi, Georgette, kuko ndama mu Bunia yenye jina yako. Usikasirike. Iko muzuri sana, na hainyamazake, sawa weye tu. Kila ikilia, nakukumbuka.

Bwana yako,
Baba Neema