Shimo la Mche wa Tatu

POLISI YA UGANDA, KITUO CHA MBALE
MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Kung'olewa kwa alama ya mpaka wa shamba, Busamaga, tarehe 14 Juni 1997
Jina: Zaituni Umaru
Umri: Miaka 41
Kabila na dini: Mnubi, Mwislamu
Kazi: Mwandishi wa habari, gazeti la wiki, Jinja
Makazi: Nalufenya, Jinja
Yameandikwa: Jumatatu tarehe 16 Juni 1997, kuanzia saa tatu na robo asubuhi, na Sajenti Andrew Opio. Lugha: Kiswahili.

Mimi ni mwandishi wa habari kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Nimeandika habari za ajali, za mahakama na za askari. Nimezoea kuuliza na kupanga majibu yakapangika. Haya hayajapangika. Mahali nisipoelewa nitasema sielewi.

Katika gazeti letu mimi pia ndiye ninayesimamia safu ya mafumbo. Mwanzoni mwa Aprili mwaka huu nilipokea barua kutoka kwa Bwana Geresom Mudoma wa Busamaga, Mbale. Sikuwa namfahamu. Aliandika kwamba alikuwa msaidizi wa wapima ardhi kwa miaka thelathini na moja, akibeba mnyororo na kusoma dira, na tangu astaafu hana kitu cha kupima. Kwa hiyo ametengeneza mchezo. Ameficha visanduku vitatu vya bati, viwili Jinja na kimoja Mbale, kila kimoja kimefungwa kwa kufuli la namba. Fumbo la kwanza linakupeleka kwenye kisanduku cha kwanza na kukupa namba ya kukifungua. Ndani yake kuna karatasi ya kukupeleka kwenye cha pili, na ndani ya cha pili, ya kukupeleka kwenye cha tatu. Katika cha tatu kuna daftari. Anayefika anaandika jina lake, anafunga, anaondoka.

Nilichapisha fumbo hilo Ijumaa tarehe 18 Aprili. Wasomaji wawili waliandika kuuliza zawadi ni nini. Nilipojibu kwamba hakuna, hawakuandika tena. Wa tatu alikuja ofisini mwenyewe. Huyo ni Hakim Yakub, umri miaka 36, fundi redio, mwenye duka Main Street. Baba yake na baba yangu walikuwa askari katika kambi moja hapo Jinja, na sisi tulizaliwa humo. Fumbo alikuwa amelifumbua. Ilibidi kusoma miaka iliyochongwa juu ya milango ya maduka matatu ya zamani ya Wahindi, na kuchukua tarakimu ya mwisho ya kila mwaka. Nilikwenda naye kwa sababu nilidhani kuna habari ya kuandika.

Jumapili tarehe 4 Mei tulikipata kisanduku cha kwanza Nalufenya, nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, kwa ruhusa ya mwenye mashine. Kilikuwa kimezikwa kiasi cha nusu futi.

Jumapili tarehe 25 Mei tulikwenda Kimaka, upande wa uwanja wa ndege, na dira mkononi. Askari mmoja alitusimamisha.

"Nyinyi mnapima nini hapa?"

"Tunacheza, afande," Hakim akasema.

"Mchezo wa nani?"

"Wa mzee mmoja wa Mbale."

"Huyo mzee hana shamba la kulima?"

Alitufuata hadi mwisho. Kisanduku kilipotoka udongoni alisogea nyuma ya mti na kumwambia Hakim afungue yeye, kwa kuwa ndiye mwenye akili. Kufuli lilipofunguka na kuonekana karatasi tu ya daftari yenye maandishi, alirudi akaisoma kabla yetu.

Karatasi hiyo nimemkabidhi sajenti. Inasema hivi: "Busamaga, bomba la maji la kijiji. Digrii 75, hatua 120. Mstari wa miche. Mche wa tatu kutoka barabarani, pale mstari unapopinda. Namba ni idadi ya miche yote mara miaka yangu kazini." Hakuna neno jingine.

Mnamo tarehe 14 Juni, siku ya Jumamosi, tulipanda basi Jinja saa moja asubuhi. Tulifika Busamaga, chini ya mlima Wanale, saa sita na nusu. Bombani palikuwa na wanawake wanne. Tuliuliza kwa Mzee Geresom ni wapi. Walituonyesha nyumba, wakasema amekwenda mazishini Sironko. Hatukuwa na shida naye. Kanuni ya mchezo ilikuwa kwamba tusimuulize kitu.

Tulikwenda digrii 75. Hatua za Hakim zilikuwa 120 zikaishia katika migomba. Zangu zilikuwa 134, zikaishia kwenye mstari wa miche yenye majani marefu, magumu, kama majani ya mahindi yaliyokataa kuzaa. Ilikuwa saba. Miwili kutoka barabarani, wa tatu kwenye kona, na minne kupanda mlima. Hakim hakuridhika. Alisema mpima ardhi hawezi kukosea hatua kumi na nne, akarudi bombani kupima upya.

Uchimbaji ulianza saa saba na dakika hamsini, kwa mwiko wa fundi mwashi tuliokuja nao. Visanduku viwili vya kwanza vilikuwa vimezikwa, kwa hiyo hiki nacho kilitafutwa chini. Udongo ulikuwa laini baada ya mvua. Saa nane na dakika ishirini mche wa kona ulitoka ardhini. Chini yake hapakuwa na kitu. Kisanduku kilionekana baada ya mche kulala: kilifungwa kwa waya kwenye shina, juu ya udongo, ndani ya majani. Kilikuwa hapo muda wote. Hapakuwa na haja ya kuchimba. Kufuli lilifunguka kwa namba 217.

Napenda ieleweke kwamba hatukujua ule mche ni nini. Kambini tulikokulia mpaka ni waya na lango. Mimea kama ile ilipandwa mbele ya nyumba za maofisa kwa mapambo, na sisi watoto tulitumwa kuing'oa na kuihamisha kila alipokuja ofisa mpya mwenye mke mpya.

Daftari la kisandukuni lilikuwa bado halijaandikwa jina niliposikia mwanamke akipiga yowe. Ndiye Bi Topista Nabifo, mjane, mwenye shamba la upande wa juu. Shamba la upande wa chini ni la Mzee Geresom. Katika dakika tano watu walifika kama arobaini. Wengine walikuwa na mapanga ya kazi.

"Nani ametoa hiyo mti?" Bi Nabifo aliuliza. Aliuliza kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu ya mavazi yangu.

Mwanamume mmoja akasema, "Ni Geresom! Yeye anajificha kwa mazishi, anatuma watu ya Jinja."

"Na huyu mama?"

"Huyu ni wa gazeti. Huoni anaandika? Mama wa gazeti, andika! Andika yote!"

Ni kweli kwamba daftari langu la kazi lilikuwa wazi mkononi. Niliandika. Sikuwaambia kwamba wamekosea.

Hakim alikuja mbio kutoka bombani. Aliokota mwiko uliokuwa chini, akasimama kati yangu na watu. Akasema, "Ni mimi. Mama, ni mchezo tu."

Bi Nabifo akamwambia, "Mchezo? Hii mti bwana yangu alipanda na baba ya Geresom, mwaka wa sitini na moja, wazee wanaona, mbuzi imechinjwa. Wewe unacheza?"

Hakim alipigwa fimbo mbili za mgongo kabla mwenyekiti wa kijiji hajaingilia. Mwenyekiti ndiye aliyetuleta kituoni, saa kumi na moja. Hakim aliwekwa mahabusu kwa kosa la kutumwa kuhamisha mpaka. Mimi niliambiwa nisiondoke Mbale kwa sababu ni shahidi.

Jumapili tarehe 15, saa nne asubuhi, Mzee Geresom alifika kituoni akiwa bado na nguo za mazishi. Sajenti alimuuliza kwa nini aliweka kisanduku kwenye mpaka wake na jirani.

"Afande, miaka thelathini na sita hakuna mkono umegusa mti ile. Mwizi hagusi. Mtoto hagusi. Hata mimi nilifunga waya nikitetemeka. Nitapata wapi sefu kama hiyo?"

Nilimuuliza kwa nini vile vya Jinja alivizika.

"Jinja hamna mpaka, mama. Mna wezi."

"Lakini hukuandika kwamba tusichimbe."

"Hata nyumba yangu sikuandika msibomoe."

Sijui kama mzee huyu ni mjanja au ni mtu aliyesahau kwamba kuna watu wasiojua anachokijua. Nimehoji watu wengi na kwa kawaida naweza kutofautisha. Kwake nimeshindwa.

Siku hiyo hiyo saa kumi alasiri tulikwenda shambani na sajenti na konstebo mmoja, pamoja na Hakim, Mzee Geresom, Bi Nabifo na mwenyekiti. Nia ilikuwa kupanda mche tena mahali pake mbele ya wote, ili ugomvi uishe. Tulikuta mashimo matatu. Jumamosi niliacha moja. Yalikuwa ya ukubwa mmoja, katika nafasi ya hatua nane kutoka juu hadi chini, na udongo wa yote ulikuwa mbichi. Mwenyekiti aliuliza nani amechimba mengine. Bi Nabifo alimtazama Geresom, Geresom akamtazama Bi Nabifo.

Kwa kuwa mche ule ulikuwa wa kona, shimo ndilo linaloamua. Katikati ya mashimo hayo kuna safu ya mibuni kumi na mmoja ya Bi Nabifo, inayozaa, ambayo kwa maneno yake ndiyo inayolipia shule. Shimo la chini likiwa ndilo, yote ni yake. Likiwa la juu, yote inaingia kwa Geresom.

Mzee Geresom alisema, "Mimi nitakubali shimo atakaloonyesha aliyeng'oa. Yeye si mtu wa hapa, hana upande." Bi Nabifo naye akakubali. Wote wakamgeukia Hakim.

Hakim alinitazama. Kisha akaonyesha shimo la juu.

Bi Nabifo aliketi chini penye majani na kuvua viatu. Geresom alisema atangoja hadi Jumatatu polisi wamalize, ndipo apande.

Leo saa mbili asubuhi Bi Nabifo alinikuta langoni pa kituo. Alisema, "Mama wa gazeti, wewe uliandika yote. Shimo langu iko kwa daftari yako?" Daftari langu lina saa, digrii na hatua kutoka bombani, ambazo haziafikiani. Halina umbali wa shimo. Nilimwambia halimo. Hilo ni kweli, na ni nusu tu ya jibu.

Sajenti ameniuliza sasa hivi: Hakim alikuwa amesimama upande gani alipokuwa akivuta mche?

Jibu langu ni kwamba Hakim hakuvuta mche. Alikuwa bombani akihesabu hatua, amenipa mgongo, na kutoka pale kona haionekani kwa sababu ya migomba. Ndiyo maana jana hakujua aonyeshe lipi. Alikisia.

Niliyechimba ni mimi. Niliyeng'oa ni mimi. Niliushika kwa mikono miwili, nikavuta mara tatu, na mara ya tatu uliponiachia nilianguka kinyumenyume nikaketi juu ya kisiki cha mbuni uliokatwa. Kisiki hicho kipo. Kati ya mashimo yale ni moja tu lililo mbele yake kwa urefu wa miguu yangu. Ni la kati. Jana nililitambua nilipofika, kabla Hakim hajaulizwa, na nikanyamaza.

Kwa shimo la kati, mibuni tisa ni ya Bi Nabifo na miwili ni ya Mzee Geresom. Najua kwamba hakuna kati yao anayedai shimo hilo. Nani alichimba la juu na nani la chini, sijui. Kwa nini Hakim alisema ni yeye, sijui; sikumuomba, na sijapata nafasi ya kumuuliza.

Niko tayari kwenda kuonyesha. Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo. Nimesomewa kwa Kiswahili, hakuna nilichobadilisha, na ninatia saini kwa hiari yangu.

(Saini) Zaituni Umaru
16/6/97, saa tano kasoro dakika kumi

MAELEZO YA OFISA

Shahidi alipofika kwenye maneno "Niliyechimba ni mimi" nilimsimamisha na kumpa onyo kwamba atakayosema yanaweza kutumika dhidi yake. Nilimuuliza kama anataka sentensi hiyo ifutwe. Alikataa, akaendelea. Maelezo yake yatachukuliwa upya kama mshukiwa.

Saa tano na nusu mshukiwa Hakim Yakub alitolewa mahabusu akasomewa sehemu ya mwisho, isipokuwa mahali shimo linapotajwa. Alisema mama huyo anaongopa, na kwamba aliyeng'oa mche ni yeye peke yake. Nilimuuliza tena ni shimo lipi.

Akaniuliza: "Afande, yeye amesema lipi?"

(Saini) Sajenti A. Opio