Jiwe Ulilonitafutia Matemwe

Mjini Unguja, 1959

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono wangu haukubali kuanza bila ya kukuamkia. Na baada ya kuliandika neno hilo nimeiweka kalamu, nangoja marahaba yako, mjinga mimi.

Leo nilipotoka skuli nilipita vichochoroni kwa kukimbia jua. Pale penye nyumba iliyobambuka chokaa nikasimama. Mawe ya ukutani yamebaki wazi, na katikati ya mojawapo pana ua zima la tumbawe, mistari yake imezunguka kama ya kidoleni. Nikaliwekea kiganja, likanipa ubaridi wake. Sijui nilisimama muda gani. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na kikapu chake akanitazama, akasema, "Mwalimu, unaumwa?" Nikamwambia, "Sijambo, nasalimiana na mtu." Masikini, akavuta buibui lake akaongeza mwendo.

Wazimu huu umenitia wewe. Mama alipofariki nikiwa na miaka tisa, jamaa wote walikushauri unipeleke kwa shangazi, maana mtoto wa kike na mchimba visima wapi na wapi? Ukawajibu, "Mtoto ana baba yake." Basi. Ukawa unanipakia mbele kwenye baiskeli, nyuma umefunga sululu, mtaimbo na kamba, tunakwenda kila ulikoitwa. Kizimbani hukupapenda sana, kwa kuwa udongo wa kule ni mwingi na laini na hauna maneno. Wewe ulipenda maweni, upande wa mashariki, ambako ukifukua shibiri mbili tu unakutana na jiwe.

Ulinifunza mawe kabla sijajua kusoma vizuri. Ulikuwa ukinitupia kibanzi kutoka chini na kuniambia, "Lamba!" Nami nalamba. Hili kavu, baba. Hili lina umande. Hili lina chumvi kwa mbali. Watu wakipita wakamwona mtoto wa kike amekaa ukingoni mwa shimo analamba mawe, wanasema astaghfirullah. Mimi nikiona raha. Nilidhani watoto wote wa dunia baba zao wanawalisha mawe.

Nakumbuka zaidi lile jiwe lako la kunolea patasi, alilokuja nalo babu kutoka bara. Hapa kwetu halipo la namna ile. Jeusi, zito, na mistari myeupe iliyojipindapinda, na ukiligeuza juani linametameta chembe ndogondogo. Jioni, kazi ikisha, ulikuwa unalitia maji, unanoa taratibu, na mimi nimelala kwenye mkeka nasikia ule mkwaruzo mpaka usingizi unanichukua.

"Hili limepata moto," uliniambia siku moja. "Si moto wa kuni. Moto wa huko chini."

"Na sisi chini yetu lipo?"

"Lipo. Matumbawe haya yamekuja baadaye, yamekaa juu tu. Ukifukua yote, ukafukua na mchanga na udongo ulio chini yake, mwisho wa yote utalikuta hili. Na likishafika hapo halikatiki, linapita chini ya bahari mpaka bara. Huku na kule jiwe ni moja."

Nilikuuliza nani aliyekwambia. Ukacheka. "Hakunambia mtu. Nalisikia."

Sijui kama ulijua uzito wa maneno hayo kwangu. Chuoni, pale tulipokuwa tukisoma Kurani, wasichana wenzangu walikuwa na mchezo wa kuniambia, "Nyie si watu wa hapa, babu yenu kaja juzi." Nilikuwa narudi nyumbani natoa moshi. Na siku niliyorudi nalia, ukanifuta kamasi kwa ncha ya shuka yako ukasema, "Nyamaza, mwanangu. Siku moja ntakuchimbulia jiwe lile, ukawaoneshe, uwaambie nyumba zenu na zetu zimekaa pamoja." Ulisema ili ninyamaze tu. Mimi niliishika ahadi kwa mikono miwili.

Ndipo tukenda Matemwe.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Aliyekuita ni Bi Mize, yule mjane mwembamba mwenye sauti ya kiume, aliyetoa sehemu ya uwanja wake ili mtaa upate kisima. Wanawake wa pale walikuwa wakitembea alfajiri nzima kufuata maji. Tulilala kwenye banda lake wiki tatu. Kila asubuhi alikuletea chai na muhogo, na kila asubuhi akakuuliza, "Fundi, mke wangu huyo yuko wapi?" Mke wake ndiyo maji. Nawe unamjibu, "Anajipamba, Bi Mize, usimharakishe."

Siku yalipotoka nilikuwa ukingoni. Sikuona kitu, niliisikia sauti yako imebadilika. Ukavuta kamba ya ndoo mara tatu, ikapandishwa, na ndani yake mna maji meupe ya vumbi la jiwe. Nikayaonja mimi wa kwanza. Matamu, baba! Sijawahi kunywa maji matamu kama yale mpaka leo. Wanawake wakapiga vigelegele, Bi Mize akaketi chini akalia bila ya kujificha.

Kanuni yako naijua. Maji yakikufika kwenye vifundo vya miguu, unapanda juu na sululu hairudi tena chini, hata mwenye kisima apige magoti. Ulinieleza mara mia: kando ya pwani maji baridi ni tabaka jembamba tu lililokaa juu ya maji ya chumvi, kama samli juu ya mchuzi. Ukichokora, umeharibu.

Lakini kabla hujapanda, mtaimbo wako uliteleza ukagonga chini. Chuma kikalia mlio ambao mimi na wewe hatujapata kuusikia. Mkali, mrefu.  Kisha ukaita, taratibu, "Zuwena."

"Labeka, baba!"

"Umesikia?"

Nilisikia. Na nikajua ni lenyewe. Nikajilaza kifudifudi ukingoni, kichwa changu chote ndani ya shimo, nikapiga kelele, "Chimba, baba! Lichimbe nilione!"

"Maji yashatoka, mwanangu."

"Uliniahidi! Baba, uliniahidi! Unataka waniambie mimi si wa hapa mpaka nife?"

 Nikalia kwa makusudi, kilio kile kikubwa cha kudeka nilichojua hukiwezi. Halafu nikaisikia sululu. Mara moja, mara mbili, ikaendelea. Ulichimba kiasi cha mkono mmoja, mimi juu nimefunga macho nakuombea ulipate. Ukapanda umelowa mpaka kifuani, umeshika jiwe la ukubwa wa nazi. Ukalisugua kwa kiganja. Likawa jeupe. Ni tumbawe, baba, tumbawe gumu tu la zamani. Hukunilaumu. Ulinipa nilishike, ukasema, "Bado liko mbali."

Siku ya nne chai ya Bi Mize ilikuwa na chumvi.

Alidhani ameikosea. Akaimwaga, akateka mengine, akapika tena, akaonja, akatutazama sote mmojammoja. Mpaka wiki imekwisha hata mbuzi waliyakataa yale maji. Nilikuwepo watu walipokusanyika uwanjani, nimejificha nyuma ya mlango wa banda. Nilisikia wakikuita mroho, mtu wa kutaka sifa, fundi gani asiyejua pa kusimama. Nilingoja useme. Nilikuwa tayari nimeshajikunja kungojea jina langu. Ukasema, "Kosa langu. Nilitaka maji zaidi. Niwieni radhi." Ukafunga vyombo nyuma ya baiskeli, ukanipakia mbele, tukaondoka. Njia nzima hukusema neno, na mimi nikakaa kimya kwa woga, na kimya hicho kikanizoea.

Habari mbaya hutembea kwa kasi Unguja. Visima vikiharibika popote watu wakasema, "Kachimba fundi wa Matemwe nini?" Hukuitwa tena. Ukenda kwenye matanuri ya chokaa, wewe uliyekuwa ukiyaheshimu mawe, ukawa unayachoma, na vumbi lile likakuingia kifuani. Ulipokuwa unakohoa nilikuwa nakukandia mgongo, na maneno yamenikaa hapa kooni, baba, hapa hapa: ni mimi, waambie ni mimi. Nikimeza. Ukafa nayameza.

Sasa sikiliza kilichotokea. Kuna kampuni imekuja kisiwani kutoboa ardhi kutafuta mafuta, na bwana mmoja katika wao alikuja skuli kuwaonesha wanafunzi wangu mawe yaliyotolewa chini. Vipande virefu, vya mviringo, vimelazwa ndani ya sanduku. Anasema Kiswahili kizuri, cha bara. Akaonesha tumbawe, akaonesha mchanga ulioshikamana, udongo wa kijivu, tena chokaa nyengine ya zamani sana. Wasichana wanapiga miayo. Mimi nimelisogelea sanduku. Nikamwuliza, "Na mwisho wa yote hayo pana nini?"

Akanijibu, "Pana miamba migumu, yenye mistari. Zamani ilikuwa udongo na mchanga kama huu. Ikazikwa chini kabisa, ikapata moto na uzito hata ikageuka. Haikuyeyuka, iligeuka tu, ndiyo maana ina mikunjo. Lakini hapa iko chini mno, Mwalimu, hata mashine yetu haiifikii."

"Na inakwenda mpaka bara?"

"Inakwenda. Huko bara ndiko inakojitokeza juu, milimani."

Niliwaambia wanafunzi wasome kimya, nikatoka nikasimama nyuma ya tangi la maji, nikalia mpaka ushungi ukalowa. Ulikuwa unasema kweli. Ulikisikia kitu kisichofikiwa na mashine, na mimi nilikutaka ukilete juu na sululu, kwa sababu wasichana wa chuoni wamenicheka.

Ijumaa ya wiki hiyo hiyo nikapanda gari la mbao kwenda Matemwe. Sikumuaga mtu. Niliogopa nikiaga nitatafuta sababu ya kurudi.

Bi Mize yuko hai. Amekonda zaidi, sauti ni ile ile. Nilimkuta anasuka ukili mlangoni. "Shikamoo, Bi Mize." "Marahaba. Nani wewe?" Nikamwambia mimi ni Zuwena, binti wa fundi wa kisima. Ukili ukamwanguka mkononi.

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza kuuliza hali za watoto na wajukuu. Nikasema pale pale nimesimama, "Bi Mize, baba hakuwa mroho. Maji yalipotoka alitaka kupanda. Ni mimi niliyemlilia achimbe, nilikuwa nataka jiwe. Nimenyamaza miaka yote hii mpaka amekufa. Nimekuja kusema."

Aliuokota ukili wake, baba. Nikadhani atanifukuza, na ningekwenda bila kinyongo.

"Mwanangu," akasema, "ulikuwa umetia kichwa ndani ya kisima unapiga kelele. Nani asiyekusikia? Ulisikika mpaka pwani."

Nikashindwa kumwelewa. Akanivuta mkono nikaketi.

"Tulikusikia sote. Siku ile maji yalipoharibika, kabla watu hawajakusanyika, baba yako alikuja kwangu hapa hapa, akaniita na wazee wawili. Akasema, 'Nnakuombeni jambo moja. Mimi nisemeni mtakavyo, popote mtakapo. Mtoto asilijue. Hana mama. Msimpe mzigo huu akakua nao.' Tukamkubalia. Na waliosimama uwanjani pale, wakimtukana vile, nusu yao walikuwa wanatukana ili wewe nyuma ya mlango usikie wakimtuhumu mwengine."

Yarabi. Nikawaza: hata mlango mliujua.

Nikamwambia nataka jambo hili lisemwe hadharani, lisemwe leo. Akakataa mwanzo, akasema ahadi ni ahadi. Nikamwambia, "Mlimwahidi msinambie. Nami najua. Ahadi imekwisha." Akacheka kidogo, akasema, "Una kichwa kigumu kama cha baba yako," akainuka na fimbo yake.

Baada ya alasiri wakaja, wanawake kwa wanaume, wazee wa wakati ule waliobaki, na vijana wanaokujua kwa kejeli tu. Nilisimama kando ya kile kisima. Wamekifunika mabati, wanakitumia kuoshea vyombo vya samaki. Nikasema yote, na jina lako kamili nikalitaja.  Nikamaliza. Kisha mzee mmoja akatandaza viganja vyake, akasema, "Tumsomee fundi wetu Fatiha." Wakasoma, mtaa mzima, na upepo wa pwani unapita juu ya mabati. Fundi wetu, baba. Ndivyo alivyosema.

Nimerudi mjini na moyo mwepesi, sikufichi. Usiku nalala. Lakini pana jambo moja nnakulaumu, na nitakulaumu mpaka tukutane. Kumbe wote walijua, na wewe ulijua kwamba wanajua, na mimi peke yangu nikakaa pembeni ya kitanda chako nakukanda mgongo, nimekaza meno, naogopa usije ukajua kuwa kosa langu linaniuma. Ungenambia tu, baba. Ningelilia ukiwa bado unaweza kunifuta machozi.

Mungu akulaze pema, akupanulie kaburi lako.

Ni mimi, mwanao uliyemfichia,
Zuwena