Sanduku la Miguu

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe pamoja na huyo mjukuu wako mchokozi. Barua yako niliisomea jikoni nimesimama, chai ikachemka hadi ikamwagika, kwa hiyo nusu ya lawama ya jiko chafu ni yako. Nimefurahi mno kusikia kifua kimepona. Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Asubuhi nikifungua dirisha la chumbani nakuta vyuma vya ngazi vimeganda barafu, na maji ya ndoo yana ngozi juu kama maziwa.

Umeniandikia kwamba siku hizi jua likishazama hutoki tena, kisa baridi ya miguu. Tena ukasema ukilazimika kwenda dukani jioni unakwenda na mjukuu, mkono wako begani kwake, na majirani wanawasifu kwa jinsi mnavyopendana. Maneno hayo nimeyasoma na kuyarudia. Ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu leo, badala ya kungoja siku yangu ya mapumziko. Nina jambo la kukuambia kuhusu miguu hiyo, na linanitia hofu, lakini siwezi kulisema kabla sijakusimulia yaliyotukuta juu ya paa. Tafadhali usiruke kurasa, maana nakujua.

Shemeji yako, kama ujuavyo, amemaliza maisha yake ya kazi akitengeneza lifti. Watu hudhani fundi wa lifti anaishi ndani ya shimo, kumbe mitambo mingi iko juu kabisa, kwenye kijumba cha paani, na majira ya baridi giza huingia kabla fundi hajamaliza zamu. Miaka yote hiyo alikuwa akitoka kupumua, ana grisi hadi kwenye viwiko, na kuinua macho. Alipostaafu wenzake walichangishana wakamnunulia darubini, ile ya kusimama kwenye miguu mitatu. Funguo za paa la jengo letu bado anazo, maana lifti ikikwama bado wanamgongea yeye. Basi akaanza kupanda kila jioni yenye anga safi, mara tu baada ya chakula, na kila akipanda alinitaka niende naye. Alisema nyota za kutazama peke yake alishazitazama zikamtosha. Sasa alitaka mtu wa kumwambia aone.

Mimi nikasema miguu yangu haiwezi baridi. Wala sikudanganya sana, kwa kuanzia. Kazi yangu unaijua: kutwa nzima nimesimama kule kiwandani tunakofulia mashuka, mvuke unatupika kama viazi, na jioni natoka soksi zimelowa jasho. Mara ya kwanza nilipanda nazo hivyo hivyo. Sakafu ya paa ni zege tupu, na zege hilo linanyonya joto la nyayo kama mtoto wa mbuzi. Hata pumzi ya kupanda ngazi haijanirudi nikashuka, vidole sivisikii, na shemeji yako akabaki juu akizungumza na matangi ya maji.

Ungefikiri amekata tamaa. Kumbe nilikuwa nimempa kazi! Kesho yake alinipokea mlangoni na soksi kavu, akaniamuru nibadilishe kabla hata sijasalimia. Nami kwa ujuaji wangu nikavaa jozi juu ya jozi hadi viatu vikagoma kufungwa, miguu ikabanwa, ikazidi kuganda. Akanieleza kwa upole, kama anayeeleza mtoto, kwamba mguu uliobanwa damu haipiti, na damu ndiyo jiko. Akaninunulia viatu vikubwa kuliko mguu wangu, nikawa natembea kama bata. Akatandika makatoni juu ya zege. Kila tatizo nililomtajia alilishughulikia, nami nikatafuta jingine, upepo, magoti, chochote, mradi nishuke mapema. Aliniambia darubini yake ina miguu mitatu na haijawahi kulalamika hata siku moja.

Mwishowe akaunda sanduku. Dada, ulione hilo sanduku! Ni la mbao za kabati letu la zamani, lile lililotuvunjikia tulipohama. Ndani amelipigia blanketi pande zote, juu ameacha tundu la kupitishia miguu, na chini unalala mpira wa maji ya moto. Tunaketi kwenye viti viwili, miguu yetu minne imo humo, blanketi limetufunika hadi kiunoni. Mara ya kwanza nilipoingiza miguu niliona aibu, kwa sababu joto lilinipanda hadi kifuani na machozi yakanilenga. Hakuna mtu aliyewahi kunihangaikia hivyo tangu mama. Halafu nikaogopa, maana sasa sikuwa na kisingizio chochote kilichobaki.

Jioni hiyo anga lilikuwa safi, shemeji yako akaniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba lingemsikia. Alisema amenitegea Kilimia. Unakumbuka, dada? Tulivyogombana juu ya Kilimia, wewe ukisema nyota zake ni sita, mimi nikishikilia saba, hadi tukanyimana mto wa kulalia? Nilikuwa nimemsimulia zamani, tukiwa wachumba, naye hakusahau. Akaivuta darubini mbele yangu, akaniambia nitazame, niamue ugomvi.

Nikainama. Nilitazama, nikaona giza. Nikafinya jicho, nikabadilisha jicho, giza. Kando yangu nilisikia ameacha kupumua, anangoja. Basi nikasema, lo, ni nzuri ajabu. Nikasema nimeziona zote saba, zinameta, zimekaa kama vifaranga. Nikasifu, nikazidisha, unajua nikianza. Alifurahi sana, akanyoosha mkono arekebishe darubini, mkono ukasita. Mdomo wa mbele wa darubini ulikuwa bado na kifuniko. Katika pilikapilika za kunifunga blanketi alikuwa amesahau kukiondoa.

Alicheka kwanza, nami nikacheka. Kisha akanigeukia. Mtu mwingine angeona mara moja kwamba darubini imezibwa, akalalamika. Mimi sikuona tofauti, kwa sababu kwangu usiku wote ulikuwa umezibwa. Akaniuliza, bila kunilaumu, ni tangu lini sioni.

Sasa ndiyo nakuambia wewe pia, kwa kuwa nilimwambia yeye. Si miguu, dada. Haikuwahi kuwa miguu. Ni miaka kadhaa sasa, giza likiingia mimi naishiwa na nuru ya macho. Mchana naona vizuri, nasoma, napiga pasi, doa la shuka halinipiti. Lakini jioni ngazi zinanipotea, watu wananisalimu nami najibu sauti tu. Niliona aibu, nikasema baridi. Kila mtu hukubali ukimwambia baridi.

Tulikwenda hospitali ya macho. Daktari alisema pazia la nyuma ya jicho ndilo linalochakaa, na huanza kwa kumnyima mtu usiku. Hakunificha kwamba halina dawa ya kulirudisha. Alisema linakwenda polepole, na anayejua mapema hupata nafasi ya kujipanga. Kisha akaniuliza kuhusu wazazi, kwa kuwa mara nyingi hutembea katika damu. Nikajibu haraka kwamba kwetu hakuna. Nikiwa bado nasema hivyo, nikamkumbuka mama.

Mkumbuke na wewe. Mama ambaye mchana hakumgusa mtu, mkali kama pilipili, na jua likizama anatuita tutembee naye, mkono begani. Tuligombania bega la nani litashikwa! Tulidhani jioni ndipo anapotupenda zaidi. Nililia palepale kwenye kiti cha daktari, na sijui nilimlilia nani.

Lakini sitaki uhuzunike tu, kwa sababu sijakueleza kilichotokea baada ya kifuniko. Alikiondoa. Alinifuta uso kwa kiganja chake, akaniambia nitazame tena, nisiseme lolote nisiloliona. Nikainama nikiwa sitarajii kitu. Dada, darubini hukusanya mwanga kuliko jicho, mimi sikulijua hilo. Giza lilijaa nyota. Hazikuwa sita wala saba, zilikuwa nyingi hadi ukingoni, nyeupe zenye ubuluu kidogo, zimetulia kabisa, na nyuma yake nyingine ndogo, na nyuma ya hizo nyingine tena. Nilishika mkono wa shemeji yako nikauminya hadi akalalamika. Nilijiona mdogo kama punje, na sikuona vibaya kuwa mdogo. Zilikuwepo muda wote, juu ya kichwa changu, nilipokuwa napapasa ukuta wa ngazi. Nilipoinua kichwa zikatoweka, nikainama tena zikarudi, nikacheza hivyo kama mtoto hadi maji ya mpira yakapoa. Miguu ilikuwa bado ya moto.

Kwa hiyo wewe na mimi tulikosea wote wawili, na mto tulinyimana bure.

Sasa nakuomba. Kesho jua likishazama, mwache mjukuu ndani acheze. Simama mlangoni peke yako uangalie uani. Ukiiona ndoo ilipo na kamba ya nguo inapopita, basi ni miguu kweli, nami nitaomba radhi na utanicheka hadi uchoke. Usipoiona, usinifiche kama nilivyomficha mwenzangu. Nenda kapimwe, binti yako, mama yake mtoto, naye aende, na mtoto mwenyewe. Kisha njoo kwetu kabla baridi haijaisha. Shemeji yako amekwisha kulipanua tundu la sanduku, miguu sita inaingia.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na jirani yako mpenda habari mwambie sijambo. Shemeji yako anakusalimu sana. Yuko juu, na mimi nikimaliza mstari huu napanda kumfuata, mkono ukutani, bila aibu. Pamoja na barua hii nimefunga soksi nzito za sufu. Ni za mjukuu. Zako sizitumi hadi uniandikie kama ndoo umeiona.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba